Bakuli Lililong'arishwa

Kila tulipotoka shule, mimi na Chiriku tulipitia makumbusho kumsubiri mama yangu mdogo amalize kazi. Yeye hupima vitu vya kale katika maabara iliyo nyuma ya jengo. Mimi huitwa Sindano kwa wembamba wangu. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Tulikaa pembeni tukitazama. Mezani palikuwa na hadubini ya kukuzia vitu vidogo, na kifaa kinachofanana na mashine ya kukaushia nywele. Ukikielekeza kwenye chuma au shaba, hutoa mionzi, kisha kioo chake huonyesha madini yaliyomo. Sharti letu lilikuwa moja tu: tusiguse kitu.

Wiki ile lililetwa bakuli la shaba lililofukuliwa shambani, limejaa kutu ya kijani. Kwetu lilikuwa baya, lakini kutu hiyo ndiyo mama mdogo aliyoitaka. Ndani yake huganda mabaki ya vitu vilivyowahi kuwekwa bakulini, naye alitaka kujua watu wa zamani walilitumia kwa kazi gani.

Siku moja mama mdogo aliitwa ofisini, nami nikaenda msalani. Niliporudi, Chiriku alikuwa ametulia kimya kwenye kiti, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtua. Mama mdogo alipoingia, upande mmoja wa bakuli ulikuwa uking'aa kama kijiko kipya.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

Chiriku alinitazama, kisha akasema, "Sindano. Nilimwambia aache, hakusikia."

Huyu alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Nilimgeukia mama mdogo nikiamini kwamba yeye ananijua vizuri. Hakuniuliza hata swali moja. Alisema niende nyumbani na nisikanyage tena maabara.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga. Mimi siku ile nilikuwa na viwili nguoni, na cha pili kiliuma zaidi. Nilikuwa nimepania kuwa mtaalamu kama mama mdogo, na sasa yeye mwenyewe alikuwa amenifungia mlango. Nililia mpaka mto ukalowa. Shuleni Chiriku alinikwepa, nami sikumtafuta.

Siku chache baadaye mama mdogo alituita wote wawili. Alisema ameona mabaki ya dawa asiyoijua kwenye bakuli, na anataka kujua ni dawa gani ili aweze kuiondoa. Alimwambia Chiriku atazame kwenye hadubini. Ndani ya mikwaruzo ya shaba kulikuwa na chembe za rangi ya waridi.

Chiriku alizijua mara moja. Yeye ndiye aliyepewa na mwalimu wa michezo kazi ya kung'arisha vikombe vya ushindi vya shule, na kikopo cha dawa yake ya waridi hakikutoka mkobani mwake. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Ni mimi," alisema. "Niliona limechakaa, nikataka lipendeze. Ulipouliza nikaogopa."

Mama mdogo alitueleza kwamba upande wa pili wa bakuli bado una kutu ya kutosha, kwa hiyo kazi haikupotea yote. Kisha akamwambia Chiriku, "Kulisugua ulikosea kwa kutojua, na ningekusamehe palepale. Kumsingizia mwenzako ulifanya ukijua."

Chiriku aliniomba radhi. Niliitikia kwa kichwa tu, maana moyo ulikuwa bado mzito.

Ndipo mama mdogo akanigeukia. "Na mimi nina kosa langu. Bakuli silisemei neno mpaka nilipime sehemu tatu. Wewe, mwanangu, nilikuhukumu kwa kusikia mdomo mmoja. Nisamehe. Kesho urudi hapa."

Nilitaka kujibu kwamba yameisha, lakini nisingekuwa nasema kweli.

"Nitarudi," nilisema. "Lakini nimeumia, mama mdogo."

"Najua," alijibu. "Kutu ile ilichukua miaka kujijenga, na dakika chache zikatosha kuifuta. Imani ya mtu nayo ndivyo ilivyo. Mimi na Chiriku tutaijenga upya, hata kama itatuchukua muda mrefu."