Kitu cha Tatu Kwenye Waya

Taa zilififia kila Jedidah alipoingia sebuleni. Mwanzoni alidhani ni macho yake, maana alikuwa ametoka kwenye moshi wa jikoni, lakini ni macho gani hayo yanayougua jioni nane mfululizo? Akiwa nje, balbu mbili za mumewe, Mwalimu Nicanor, zilimeremeta hadi wapita njia wa Rangwe wakasimama kutazama. Akivuka kizingiti na sahani ya ugali, ziligeuka nyekundu kama makaa yanayozimika.

Mwaka huo wa 1966 stima haikuwa imefika kijijini. Nicanor, aliyefundisha sayansi, alikuwa amenunua betri ya lori Homa Bay na kutandaza waya ukutani. Na taa hizo, tusifichane, alimwahidi marehemu mkewe Filister. Filister akafa bado anazisubiri, akaja Jedidah kuwashiwa yeye. Tena akaingizwa nyumba ileile, kitanda kilekile, kwa sababu msomi wetu, mtu wa kanisa, aliona kumjengea mke mpya nyumba yake ni mambo ya kizamani.

"Mkondo wa umeme una njia moja," Nicanor alimweleza, akichora duara kwa chaki sakafuni. "Unatoka kwenye betri, unapita balbu ya kwanza, unapita ya pili, unarudi. Kila kilichomo njiani kinauzuia kidogo. Balbu ni mbili tu, hazifai kufifia hivi. Kuna kitu cha tatu kwenye waya. Hebu toka nje."

Akatoka. Zikawaka vizuri.

"Rudi."

Akarudi. Zikafifia.

"Kwa hiyo kizuizi ni mimi, Mwalimu?"

"Sijasema hivyo. Napima tu."

Jedidah hakulala vizuri. Wivu ulimkaba, na aliona aibu kumwonea wivu mtu aliye kaburini. Mwanamke yule kaburi lake liko hapo uani, jina lake liko midomoni mwa kila mgeni, vyungu vyake bado vimepangwa jikoni; sasa anataka na taa?

Kesho yake ikaja harufu ya samli, ile Filister aliyokuwa akijipaka nywele. Kisha waya ukaanza kuvuma ukutani, polepole, kama mwanamke anayeimba huku midomo ameifunga.

Mama mkwe, Teresa, alisikiliza mara moja tu, akamvuta Jedidah hadi uani.

"Mwanangu, huyo si jini wa kutoka mbali," alinong'ona. "Ni mwenye nyumba. Mwambie mume wako akujengee yako, leo kabla ya kesho."

Alimwambia. Nicanor akacheka, akasema shemasi kama yeye hajengi nyumba kwa kuogopa wafu.

Basi Jedidah akapandwa na hasira. Jua lilipokuwa linazama, mumewe akisahihisha madaftari mezani, alikwenda ukutani akaifungua ile sehemu waya ulipounganishwa, akazitenganisha ncha mbili kwa nguvu, moja kushoto na nyingine kulia.

"Huyu ni mume wangu sasa," aliuambia ukuta. "Umesikia?"

Taa zikazimika. Harufu ya samli ikajaa chumba, na ule mvumo ukatoka ukutani ukasogea hadi katikati ya sebule, ukampita Jedidah begani hata nywele za shingo zikamsimama, na zile ncha mbili, ambazo hakuna mkono uliozigusa, zikainuka taratibu zikabaki zimening'inia hewani, zimeachana upana wa kifua cha mtu, na balbu, Mungu wangu, zikaanza kuwaka upya, hafifu, zikitetemeka.

"Mwalimu," Jedidah alinong'ona, "si ulisema waya ukikatika mkondo unasimama?"

"Unasimama." Nicanor alikuwa ameinuka. Kalamu ilimponyoka. "Hauwezi kuruka hewani hivyo. Lazima kuna mtu amezishika zote mbili."

Jedidah alimkamata mkono ili wakimbie. Mkono ule haukumfuata. Mumewe hakuwa anazitazama ncha za waya. Alikuwa anatazama juu yazo kidogo, pale ambapo uso wa mwanamke ungekuwa, na hofu ilikuwa imeondoka machoni mwake.

"Filister," akasema.

Balbu zikawaka nyeupe, zikamulika sebule nzima hadi pembeni. Jedidah akauachia ule mkono. Miezi minane ya ndoa, na hakuna siku hata moja ambayo jina lake yeye liliitwa kwa sauti ile.