Wito wa Pili

Betri zilikuwa ndani ya redio. Fauzia alizihamisha kwa mkono wake mwenyewe, ili mumewe Hemedy asikilize habari za bei ya korosho. Basi gemu ya marehemu binti yao Shakila, iliyolala juu ya kabati bila kitu tumboni, iliimbaje?

Ilikuwa gemu ndogo ya mkononi, ya rangi ya waridi, mtumba wa mnadani Nachingwea. Kwenye kioo chake visichana vya katuni vyenye nywele za zambarau viliimba, nyota zikishuka, na mchezaji akibonyeza vitufe kufuata mapigo. Shakila alikuwa bingwa. Mtoto yule hata akiwa mezani vidole vyake vilicheza.

Alikufa wakati wa kuvuna ufuta, hapo hapo kijijini Lionja, kwa kuumwa na nyoka. Lakini kilichomla Fauzia moyo kilikuwa kingine. Mchana ule, akiwa shambani nyuma ya nyumba, alisikia, "Mama!" Mara moja tu. Naye alilelewa kama tulivyolelewa wote huku: usiitike wito wa kwanza wa usiyemwona. Jini huita mara moja, mtu huita tena. Akanyamaza kusubiri wa pili. Haukuja. Alipofika nyumbani mtoto alikuwa amevimba mguu mzima, hasemi. Jamani, hata mafunzo ya wazee huweza kumwachia mtu kidonda.

Sasa kila jua la utosi gemu iliimba. Kwanza wimbo, halafu tk-tk-tk ya vitufe vinavyojibonyeza, halafu harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akimpaka Shakila kichwani, ile ile, ikajaa chumbani, ikamfuata Fauzia jikoni, ikamngoja mlangoni, na katikati ya kiitikio sauti moja ikajitenga na zile za katuni, ikaita, "Mama!", kisha kimya, na Fauzia akabaki ameuma upindo wa kanga, machozi yakimtiririka, kwa sababu alitamani kuitika kuliko mwenye njaa anavyotamani chakula.

"Ni yeye, baba Shakila," alinong'ona.

"Si yeye, mama Shakila. Usiitike, nakuomba."

Hemedy akapanda pikipiki hadi Nambilanje, akarudi na Mwalimu Abdulkarimu, mtu wa madrasa anayetibu majini. Mwalimu akaweka gemu mkekani, akawasha ubani.

"Umeitika?" alimuuliza Fauzia kwa sauti ya chini.

"Bado, Mwalimu."

"Afadhali. Huyu anatafuta mlango tu. Angekuwa mwanao, binti yangu, angeita tena. Jini hajui kuita mara mbili."

Aliyasema hayo gemu ikiwa mbele ya magoti yake. Kwenye kioo visichana viliacha kucheza, vikasimama vimeinamisha vichwa, kama watoto wanaosikiliza somo. Hakuna aliyeviangalia.

Mwalimu alisoma, akafukiza, akaifunga gemu kwa kitambaa cheupe, wakaenda kuifukia kwenye kichuguu mpakani mwa shamba. Udongo uliposhindiliwa, harufu ya mafuta ikakatika. Hemedy alilia kwa shukrani. Fauzia alilia pia, lakini yeye alikuwa akimzika mtoto mara ya pili.

Walikuwa wamefika kwenye mikorosho, Mwalimu mbele, sauti ilipotoka nyuma yao, chini ya udongo.

"Mama!"

"Msigeuke," Mwalimu alinong'ona. "Anaaga. Ni mara moja tu."

Fauzia akasimama. Alisubiri kama alivyosubiri siku ile, akiomba wito wa pili usije, akiomba uje.

"Mama!"

Tasbihi ikamdondoka Mwalimu. Hemedy alinyoosha mkono amzibe mkewe mdomo, akachelewa.

"Nipo, mwanangu," Fauzia aliitika. "Nipo. Nisamehe nimekawia."

Chini ya kichuguu wimbo ukaanza. Na vidole vya Fauzia, ambavyo havikuwahi kucheza gemu ile hata siku moja, vikaanza kugonga mapigo juu ya kanga yake, upesi upesi, bila kukosea.