Moshi Mweusi wa Celica

Kila jioni, baada ya kufunga duka lake la misumari na mabati sokoni, Papa Katembo hakukaa kwanza anywe chai kama wanaume wengine wa Mangobo, mtaa wa Kisangani. Alivua shati safi, akavaa ovaroli lake lenye madoa, akaita kwa sauti: "Chimène, leta spana!" Chimène, binti yake wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekwisha kutoka uani na sanduku la vifaa mikononi.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Celica la zamani, jekundu, la milango miwili na usukani wa kulia, lenye injini ya turbo. Papa alikuwa akilitamani gari la namna hiyo tangu ujana wake kule Butembo. Hilo alilikuta limetelekezwa nyuma ya ghala moja la Makiso, katikati ya mji, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Alilinunua watu wakimcheka. Miaka miwili baba na binti walikwangua kutu, wakashona viti, wakaishusha injini chini ya paa la mabati, wakaifungua, wakaisafisha, wakairudisha. Mama Annette alinung'unika kwamba ua wake umegeuka gereji, lakini vitambaa vya kufutia mikono alivitoa yeye.

Siku lilipowaka, mtaa mzima ulishangilia. Furaha ile haikumaliza hata wiki! Celica lilikohoa, likatoa moshi mweusi tii, likanywa petroli utadhani tangi limetoboka. Papa akitoa buji za kuwashia moto, anazikuta nyeusi kama makaa. Anazisafisha, anazirudisha, kesho yake mambo ni yale yale.

"Gari hili linanitaka nini?" alifoka Papa, akijifuta jasho kwa mkono wenye masizi. Alibadilisha chujio. Alifungua sindano za petroli, akazisafisha, akazifungua tena. Hata mshale wa kuonyesha joto la injini ulilala chini siku nzima, Papa akasema umekufa, akaleta mwingine. Nao ukalala chini.

Mama Annette alikuwa akiponda ndizi za lituma pale uani. Aliuweka mchi pembeni.

"Bon, Katembo, sikiliza. Likizo inaisha. Kama gari halijapona kabla ya shule kufunguliwa, mwite Papa Henri achukue injini yake. Mimi nimechoka kula moshi."

Papa Henri alikuwa mfanyabiashara wa mtoni, mtu wa Isangi. Alitaka injini ya kusukuma boti lake la mizigo, na jicho lake lilikuwa kwenye Celica siku nyingi. Papa Katembo aliinamisha kichwa kukubali, na Chimène akainamia sanduku la vifaa, kwa sababu kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake pale nyumbani.

Mwanzoni mwa likizo, Papa alimpa kazi moja ndogo. Kwenye njia ya maji ya injini kuna kidude cha shaba, mafundi wa huku wanakiita kalostati. Injini ikiwa baridi kinafunga njia, ikipata joto kinafungua chenyewe. "Kichemshe kwenye sufuria ukione kinafunguka," Papa alimwambia, "halafu ukifunge mahali pake. Usikiharakishe."

Loo, alikiharakisha! Rafiki yake Prudence alikuwa mlangoni akimwita wakacheze, na maji yalikawia kuchemka. Chimène alichukua bisibisi akakitanua kwa nguvu. Kikapinda, kikaharibika. Alibaki amekishika, machozi yakimtoka, ndipo akapita Tonton Liévin, jirani yao fundi.

"Hicho cha kulilia nini?" alicheka Tonton. "Tupa! Joto lote hili la Kisangani, injini itapata baridi wapi? Hicho ni cha nchi za theluji. Huku watu wanakitoa wenyewe."

Basi Chimène alikitupa, akafunga mfuniko mtupu, akakaza nati zote. Papa aliporudi akauliza, "Umekiweka?" akajibu, "Ndiyo, papa," haraka haraka, akakimbilia kwa Prudence.

Sasa moshi mweusi. Alijiambia haiwezi kuwa ni hicho. Tonton ni mtu mzima, ni fundi, anajua.

Mambo yaliharibika zaidi jioni moja Papa alipoishiwa subira kabisa. Alibeba dumu la petroli hadi kwenye kona, alipokuwa akiuzia kijana aitwaye Fiston, petroli yake ikiwa imepangwa mezani ndani ya chupa. Waendesha pikipiki walikuwa wamejaa pale wakisubiri zamu. Chimène alimfuata baba yake nyuma.

"Fiston! Unatuchanganyia mafuta ya taa!" Papa alilitua dumu mezani kwa kishindo. "Injini nimeifunga mwenyewe, haina kosa. Kosa ni hiki unachotuuzia!"

"Mimi, Papa Katembo?" Fiston alishika kifua. "Chupa hizi nazijaza mbele ya watu. Onja, nusa, fanya unavyotaka!"

"Sinusi kitu. Nimesema!"

Waendesha pikipiki walitazamana. Mmoja akawasha pikipiki yake akaondoka bila kununua. Mwingine akamfuata. Chimène alitaka kusema ukweli, lakini akarudi nyumbani nyuma ya baba yake akiwa ameinamisha kichwa.

Tangu siku ile, chupa za Fiston zilishinda juani zimejaa. Chimène akipita kutumwa sokoni alizunguka njia ya nyuma ili wasionane. Ilimchoma. Mwishowe alimwendea Tonton Liévin, akamkuta amelala chini ya pikipiki.

"Tonton, kalostati isipokuwepo, gari linaweza kunywa petroli nyingi?"

Tonton alikuna kichwa. "Aa, sasa hapo sijui, mama. Mimi ni wa pikipiki. Pikipiki zangu zinapozwa na upepo, hazina hata maji. Celica mimi nalijua wapi?"

"Lakini uliniambia nitupe!"

"Si ndivyo watu wanavyosema?"

Kwa hasira Chimène alitamani kumrushia spana. Lakini njiani kurudi alikumbuka kwamba Tonton hakumwambia amdanganye baba yake. Lile alilifanya mwenyewe, kwa kinywa chake.

Jumamosi Papa Henri alifika na vijana wawili na mnyororo wa kuinulia injini. Mama Annette aliwapa viti. Papa Katembo aliinama, akaweka spana kwenye nati ya kwanza, na mkono wake ukabaki pale bila kuzungusha.

"Papa, ngoja!" Chimène alisema. "Kalostati haimo. Niliiharibu na bisibisi nikaitupa. Nilikuambia nimeiweka. Nilikudanganya."

Papa alifungua mfuniko ule mdogo, akaingiza kidole, akakitoa. Tundu lilikuwa tupu.

"Ee Mungu wangu!" Alikaa juu ya tairi. "Donc, yaani, maji baridi yanapita muda wote. Injini inadhani ni baridi, inamiminiwa petroli, inashindwa kuichoma. Na mshale ulikuwa unasema kweli, mimi nikautupa!" Alisimama, akakaa tena. "Sindano nimezifungua mara ngapi, Chimène? Wewe ulinishikia taa! Ulinishikia taa, ukaninyamazia!"

Chimène alilia kwa sauti. "Na yaya Fiston, yule kaka wa petroli, papa. Yeye hakuchanganya kitu."

Papa aliacha kukaripia, akairudisha spana sandukuni. Papa Henri alikusanya mnyororo wake akilalamika kwamba safari yake imeenda bure, akaenda zake.

Kalostati nyingine ilipatikana Makiso, kwenye duka la vipuri, kwani teksi za kawaida hutumia hiyo hiyo. Safari hii Chimène alichuchumaa mbele ya sufuria hadi maji yakachemka na kidude kikafunguka chenyewe, akakifunga mahali pake Papa akitazama. Celica lilipowashwa, mshale ulipanda polepole, ukatulia katikati. Moshi ulififia, ukaisha. Mama Annette alipiga kigelegele.

Chimène alishika mlango wa gari. "Twende hadi maporomoko ya Tshopo, papa?"

"Bado," alisema Papa. "Gari limepona. Fiston hajapona."

Walikwenda kwa Fiston kwa miguu, saa ambayo kona inajaa wapita njia. Chimène alisema yote mbele yao, sauti ikikatika. Kisha Papa Katembo akavua kofia.

"Mtoto amesema lake. Langu ni hili: nilikuchafulia jina bila kuangalia kazi yangu kwanza. Unisamehe, Fiston."

Fiston alifuta chupa moja vumbi. "Nimesikia, papa. Lakini walionihama hawako hapa. Wako kule kwenye kituo cha pikipiki, wanaendelea kusema mimi ni mwizi."

"Basi tutakwenda kule," Papa alisema. Akamgeukia Chimène. "Unaona, mama? Kosa la bisibisi lilikuwa dogo. Ungeniambia siku ile, ningekugombeza tukanunua nyingine, yakaisha. Uongo ndio ulioenda mbali, hadi kwenye meza ya mtu asiyehusika. Ukikosea kazini sema hapo hapo, hata kama unaogopa. Na mimi nimejifunza kuuliza kabla ya kufoka."

"Ndiyo, papa."

Kituoni waendesha pikipiki walikuwa wengi, wakipiga kelele na kutaniana. Papa hakumshika Chimène mkono. Chimène mwenyewe alimwendea yule aliyeondoka wa kwanza siku ile, akamsalimia kwa heshima, akaanza kusimulia yote tena tangu mwanzo.