Maganda Mabichi na Maharage ya Tadea

Mwezi wa saba, nyumbani kwa Tadea na mumewe Xaveri, hakuna anayekaa bure. Asubuhi wanachuma kahawa mbivu. Mchana Xaveri anazungusha mpini wa mashine ya kumenyea, na Tadea anamwaga maji. Punje zinatoka huku, maganda mekundu kule.

Zamani maganda yote yalitupwa mtoni. Maji yakanuka, na watu wa bondeni wakalalamika. Mwaka mmoja soko huria lilikuwa limeingia, na wanunuzi wa kahawa walikuwa wengi. Kila nyumba ilimenya kahawa nyingi kuliko zamani. Serikali ya kijiji ikakataza kutupa maganda mtoni.

"Basi tutayazika," Tadea alimwambia mumewe.

Mmatengo hafundishwi kuzika majani. Akilima ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, analaza majani makavu, anayafukia kwa udongo, kisha anapanda maharage juu yake. Tadea akafanya vivyo hivyo na maganda mabichi, kwenye bustani yake ya bondeni. Juu yake akapanda maharage aliyoachiwa na marehemu mama yake, Kunigunda. Yalikuwa meusi yenye doa jeupe, na hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nayo. Fukusi walikuwa wameanza kuingia kwenye kibuyu cha mbegu, kwa hiyo aliyapanda yote.

Simcheki. Hata mimi ningefanya hivyo.

Wiki ya tatu maharage yakawa njano. Tadea aling'oa mche mmoja, akakuta mizizi myeusi. Alikaa chini pale bustanini akalia. Aliona kama anamzika mama yake mara ya pili.

Xaveri alichukua baiskeli, akaenda kumwita bwana shamba. Jina lake Florian, mtu wa Bukoba aliyeletwa huku na kazi. Florian alinusa udongo, akauliza kilichozikwa chini. Tadea akamweleza yote.

"Mama Lidia," alisema Florian, akimwita Tadea kwa jina la mwanawe, "majani makavu na maganda mabichi si ndugu."

Akaeleza taratibu. Ganda ni nguo ya tunda. Mti umeweka humo vitu vya kulilinda na wadudu, jua na hewa. Maganda mabichi yakizikwa, yanachacha na kutoa joto na maji makali. Hayo, pamoja na vile vitu vya ulinzi, yanaunguza mizizi michanga.

"Kwa hiyo tumezika sumu," alisema Tadea.

"Mmemweka mlinzi mahali pasipo pake."

Florian akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna ya kwao. Ilikuwa imechemshwa na kukaushwa pamoja na ganda lake. Xaveri akaionja, akakunja uso. Florian akacheka, akaendelea. Ndizi iliyomenywa ikikaa kwenye hewa, inageuka nyeusi. Hata mwilini mna uharibifu unaofanana na huo. Ndani ya ganda la kahawa mna vitu vinavyoupunguza. Wataalamu wanaviita vizuia-oksidi. Viwandani wanavitoa kwa mitambo, lakini nyumbani jua na sufuria ya maji ya moto vinatoa sehemu ya vitu hivyo.

Akawaonyesha namna ya kufanya. Wachukue kahawa ya miti isiyonyunyiziwa dawa msimu huo. Waioshe kabla ya kuimenya. Maganda wayaanike siku hiyo hiyo juu ya kichanja, yakiwa yametandazwa tabaka jembamba, wakiyageuza mpaka yakatike kwa vidole. Yenye ukungu yasinywewe. Kisha watie konzi moja ndani ya maji yanayochemka, wafunike, wachuje.

"Ni kinywaji, si dawa," alisisitiza. "Hakiponyi malaria. Na kina nguvu ya kahawa, watoto msiwape."

Maganda mengine wayarundike pamoja na samadi na majivu, wafunike, wageuze kila wiki mbili. Rundo likipoa na kunukia udongo wa msituni, hapo ndipo liende shambani.

Siku hiyo walifukua maganda kwa mikono. Maharage mengi yalikufa. Mstari mmoja tu ulipona, ule wa mwisho, ambako maganda yalikuwa yamekwisha kabla Tadea hajafika. Ulitoa mbegu za kujaza kikombe.

Machi iliyofuata Tadea alichanganya mboji ya maganda na majani ya ngolo, akapanda kikombe chake. Maharage yalitoka ya kijani, yakabeba vizuri. Xaveri, aliyekuwa akiita kile kinywaji chai ya takataka, sasa ndiye anayelinda kichanja mvua isiyaloweshe maganda.

Mwaka huo Florian alihamishiwa kwao Bukoba. Tadea alikwenda kumuaga na kifundo cha kitambaa. Ndani mlikuwa na maharage meusi yenye doa jeupe.

Florian alisema hayo ni mengi mno kwa zawadi.

"Si zawadi, Bwana shamba," alisema Tadea. "Nilipanda yote mahali pamoja, nikakaribia kumpoteza mama. Yapande kwenu. Yakipotea huku, nitajua pa kuomba."