Mlango wa Gemu wa Mzee Kapembe

Alasiri moja katika mji wa Tabora Mpya, Bawabu wa nyumba ya Mzee Kapembe alikuwa anafukuza wezi, na hapakusikika hata kishindo.

Bawabu mwenyewe ni kisanduku tu, hakizidi kopo la maziwa, kimebandikwa ukutani juu ya mlango wa mbele. Hana mikono wala rungu. Zama hizo kila nyumba ilikuwa na milango ya namna mbili: ule wa mbao, anaoingia mtu kwa miguu yake, na ile ya mtandao, isiyoonekana kwa macho, kila mmoja na namba yake, maelfu kwa maelfu. Huko nje mashine za wadukuzi zilizunguka mji kutwa zikijaribu mlango mmoja baada ya mwingine, kama nyani shambani, hindi hili halijakomaa, twende kwenye lile. Bawabu alizirudisha zote bila kutamka neno. Mtu wa ndani akitaka kutoka, alimpitisha, na jibu lake likirudi alilipitisha pia. Lakini mgeni aliyejileta kutoka nje hakupita, ila kama mwenye nyumba ameacha amri kwamba anayebisha mlango namba fulani apelekwe moja kwa moja chumba fulani. Nyumba iliyoacha amri ya namna hiyo, taa ya Bawabu wake huwaka njano. Isiyo nayo, kijani. Majirani wote wanaiona.

Kwa Mzee Kapembe ilikuwa kijani, na aliyeifanya kijani ni binti yake, Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mhandisi wa usalama wa mtandao wa mji mzima. Mwaka ule mji ulikuwa umepata msiba mkubwa. Nyumba moja iliacha mlango wazi ili kijana wao acheze gemu la mpira na wenzake wa mbali. Hakuna ubaya katika kucheza mpira. Lakini mdukuzi akaupata mlango ule, akaingia kwenye mashine ya gemu, na kutoka hapo akatembea humo ndani mpaka kwenye kompyuta ya mama wa yule kijana, ambaye alikuwa muuguzi. Na kompyuta ya muuguzi ilikuwa na njia yake ya kwenda hospitali. Asubuhi moja mashine za kuwapa joto watoto njiti zilizimika. Mmoja wa wale watoto alikuwa mjukuu wa Bi Zawena, jirani wa Nyamizi, ukuta kwa ukuta.

Nyamizi alikwenda msibani. Akakaa chini mkekani pamoja na wanawake wenzake, akamwapia Bi Zawena kwamba hakuna mlango wa gemu utakaobaki wazi katika mji ule. Akaandika amri, mji ukaitii. Taa za njano zikazimika mtaa kwa mtaa. Watu walilalamika, vijana wakanuna, lakini nani angebishana na jeneza la mtoto?

Wa mwisho kufungwa ulikuwa mlango wa nyumbani kwake mwenyewe.

Huo ulikuwa wa baba yake. Mzee Kapembe alikuwa mrina asali, amezeeka na harufu ya moshi wa mizinga. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikamchukua mkono, mguu na maneno yote, kikamwachia neno moja tu: haya. Ukimuuliza kama ameshiba, haya. Ukimuuliza kama ana maumivu, haya. Watu walizoea, wakawa wanajijibia wenyewe.

Na kiharusi kilimkuta hana maelewano na mwanawe wa kiume. Shija alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye kituo cha anga karibu na mwezi, na siku anaondoka mzee hakutoka nje kumuaga. Alisema mtu wa kwao hufuata nyuki, hafuati nyota. Kisha akaugua, na maneno ya kupatana yakawa hayapo tena.

Ndipo Shija alipompelekea zawadi: mashine ya gemu na gemu moja liitwalo Mrina. Humo mna msitu wa miyombo, mna nyuki, mna magogo ya kuchonga mizinga, na kila mchezaji ana mtu wake kwenye kioo. Mzinga mmoja hubebwa na wawili. Mzee alijifunza kubonyeza pedi ya kuchezea kwa mkono wa kushoto, taratibu, mpaka kidole gumba kikazoea. Basi kila siku baada ya chakula cha mchana, Shija hubisha kutoka kule juu, Bawabu humpeleka moja kwa moja hadi kwenye mashine ya baba yake, na mtu wa Shija hutokea kwenye kambi ya msituni. Wakawa wanachonga pamoja, wanapanda, wanarina. Hawakusemezana neno, lakini aliyewaona alijua kuwa wamepatana.

Nyamizi alipofika kwenye mlango ule alichutama mbele ya kiti cha mzee. Akamweleza habari ya mtoto wa jirani, ambayo mzee aliijua, na habari ya amri. Akauliza kama ataridhika afunge.

"Haya," mzee akasema.

Nyamizi akambusu kichwani, akafunga.

Miezi ikapita. Kila mchana Nyamizi alimwona baba yake na pedi mkononi, kioo kinawaka, nyuki wanavuma, naye akajisemea kwamba mzee hana neno, anacheza peke yake. Kazi zilikuwa nyingi. Alipita sebuleni akienda na kurudi, na hakusimama kutazama.

Siku moja ikaja simu ya anga, ile ya kulipia ambayo watu wa kituoni hupewa kwa nadra. Alikuwa Shija. Sauti ilichelewa kidogo kila mara, kama mtu anayejibu kutoka ng'ambo ya bonde.

Wakasalimiana, wakaulizana afya. Kisha Shija akasema, "Dada, naomba uniagie mzee. Sitaki kumsumbua mwenyewe."

"Umsumbue vipi? Si huyu hapa amekaa."

"Nilibisha, dada. Nikabisha siku ya pili, nikabisha na ya tatu. Mashine yangu inaniambia mwenyeji hapokei wageni. Nikasema basi, hodi tatu zimetosha. Mzazi akikataa kukufungulia, humvunjii mlango."

"Ungeniuliza mimi."

"Nikuulize nini? Baba yangu ananikataa, nije nitafute shahidi?"

"Shija. Ni mimi niliyefunga. Yeye hajakukataa."

"Nimeshatia sahihi," Shija akasema. "Chombo cha kwenda sayari ya Mshtarii. Kesho kutwa tunang'oa nanga. Nilidhani huko nyumbani hakuna anayeningoja."

Safari ya Mshtarii haikuwa ya kwenda na kurudi msimu mmoja. Aliyeondoka na ndevu nyeusi alirudi nazo nyeupe. Mzee Kapembe asingeuona mwisho wake, na wote wawili walilijua hilo, kwa hiyo hawakulitaja. Simu ikakatika.

Nyamizi aliingia sebuleni, na safari hii akatazama kioo. Mtu wa mzee alikuwa amesimama kambini kando ya moto. Mizinga yote juu ya miti ilikuwa imejaa, asali inadondoka chini, haijarinwa hata sega moja tangu mlango ulipofungwa. Mzee hakuwa anacheza. Alikuwa anangoja.

"Baba," akasema, "siku ile nilipokuambia nafunga, ulikubali?"

"Haya," akasema mzee, na kwa mkono wake mzima akaupiga mkono wa kiti, akaupiga tena, machozi yakimshuka upande mmoja wa uso, ule ambao bado ulikuwa unajua kulia.

Nyamizi alifanya kazi mchana ule wote. Njia nyingine zaidi ya kuufungua mlango haikuwapo, maana kumzungusha Shija kupitia mitambo ya mjini kungeongeza kuchelewa, na mashine yake ya zamani ilijua kubisha mlango mmoja tu. Kwanza akaiweka mashine ya gemu peke yake, akaizungushia ukuta wake ndani ya nyumba, ili atakayeingia hapo asipate pa kwenda. Akang'oa kompyuta zake za ofisini, akazipeleka kazini. Akamwandikia mkuu wake kwamba amevunja amri aliyoiandika mwenyewe na yuko tayari kuulizwa. Kisha akafungua, akamwandikia Shija abishe tena. Taa ikageuka njano, peke yake mtaa mzima, ikaonekana hadi sokoni.

Bi Zawena hakukawia.

"Hodi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

Bi Zawena hakuitikia shikamoo. Alisimama chini ya ngazi, kanga imefungwa kifuani. "Taa yako mbovu?"

"Si mbovu, mama."

"Basi macho yangu ni mazima. Wewe ulikaa kwenye mkeka wangu. Mimi sikukuomba kiapo. Ulinipa mwenyewe."

Nyamizi alimweleza yote, hakuficha jambo. Bi Zawena akasikiliza bila kumtazama. Halafu akavua ndala, akapita ndani, akasimama mlangoni mwa sebule. Mtu wa Shija alikuwa amefika kambini. Wale wawili walikuwa wanachukua mzinga: mtu wa mzee ananyanyua upande wake, anasubiri, na upande wa pili unanyanyuka. Mzee Kapembe hakugeuka. Bi Zawena alikaa pale kwa muda, kisha akarudi barazani.

"Kile kisanduku chenu," akauliza, "siku ya mjukuu wangu kilikuwapo kwenye ile nyumba?"

"Kilikuwapo."

"Na kikampokea mwizi."

"Kiliambiwa kimpokee anayebisha mlango ule, mama. Kinasoma namba ya mlango tu, hakijui sura ya mtu."

"Mlango wazi hauachiwi kitu kisichojua sura ya mtu." Akavuta kigoda kwa mguu. "Mimi sijakusamehe, Nyamizi. Nionyeshe wanapobishia."

Nyamizi akamletea kioo kidogo ambacho kila hodi ya mtandao hutokea na namba ya inakotoka. Akamfundisha namba ya Shija. Nyingine yoyote ikigusa mlango ule, mama, bonyeza hapa, huyo anafungiwa nje papo hapo. Tangu siku hiyo Bi Zawena akawa anakuja baada ya chakula cha mchana na bakuli lake la matobolwa, viazi vitamu vikavu vya kuchemsha, anakaa chini ya taa ya njano, anatafuna na kulinda.

"Huyu wa wapi?" huuliza.

"Mdukuzi."

"Na huyu?"

"Mdukuzi."

"Wana bidii hawa. Wangelima, tungekosa pa kuweka chakula."

Lakini kule juu chombo kilikuwa kinakwenda. Mtandao husafiri kwa mwendo wa mwanga, na hata mwanga hukawia njia ikizidi kurefuka. Mwanzoni mzee alinyanyua upande wake wa mzinga na Shija akaitikia baada ya pumzi moja. Baadaye ikawa muda wa kumeza tonge. Baadaye mtu angeweza kwenda jikoni na kurudi akakuta mtu wa mzee bado ameinama, ameshika upande wake, mzinga umelala upande wa pili chini. Bawabu akawa hana subira, akiona ukimya anadhani mgeni ameondoka, na kila siku Nyamizi alimwongezea muda wa kungoja. Ofisini walimvua cheo. Hakubishana nao.

Siku ambayo kusubiri kulirefuka hata chai ikapoa, wale wawili waliubeba mzinga mmoja tangu mwanzo wa mchana hadi jua lilipoinama, wakaupandisha mtini, wakaufunga. Mtu wa Shija akashuka, akasimama kando ya moto.

Mzee Kapembe hakungoja afanye jambo jingine. Aliiweka pedi mapajani, akalisukuma gurudumu la kiti chake kwa mkono wa kushoto, kiti kikienda upande upande, mpaka barazani. Alikuwa hajatoka nje kwa muda mrefu. Akamtazama Bi Zawena, mgongo umempinda juu ya kile kioo, bakuli halijaguswa. Akaichukua ile pedi, akaiweka juu ya mikono ya Bi Zawena.

"Baba, tunaweza kungoja bado," Nyamizi akasema. "Naweza kuongeza muda."

Mzee akatikisa kichwa. Tangu augue, hakuna aliyewahi kumwona akikataa kitu.

Nyamizi akamwandikia ndugu yake kwa njia ndefu ya barua kwamba baba amemuaga mwenyewe, kwa mkono wake. Kisha akafunga mlango. Taa ikageuka kijani kama za majirani.

Bi Zawena hakuinuka.

"Nimeshafunga, mama. Ukapumzike sasa."

"Nimeona." Alikuwa bado ameshika pedi kama mtu aliyepakatishwa mtoto na hajui amrudishe kwa nani. "Huyo kijana hajui kama mmefunga. Atakuwa amebisha tena."

"Atakuwa amebisha. Hodi yake iko njiani."

"Itafika lini?"

Nyamizi akatazama juu, akapiga hesabu kichwani. "Kabla birika halijachemka."

"Basi injika chai."

Nyamizi akaingia jikoni. Alipotoka na vikombe aliwakuta wamegeuza viti vyao, mzee na jirani, wameipa nyumba mgongo, wanatazama juu.