Mitungi ya Njia ya Kushoto

Amri ilikuja ndani ya kikapu cha mahindi.

Hindi moja tu lilikuwa na kasoro. Mistari miwili imepukuchuliwa, ncha imeachwa nzima.

Mwanaheri binti Haji aliligeuza mara moja, akalitupa motoni. Mistari miwili: mzuie Mzungu. Ncha nzima: usiue.

"Rahisi kwao kusema," alinong'ona, akaendelea kukoroga uji wa Mzungu.

Ilikuwa Oktoba 1905. Vita vya Maji Maji vimepamba moto, maghala ya Masasi yamekwisha kuwa majivu, na Wadachi walikuwa wanawasaka watu kama panya. Kambi ndogo ilikuwa imekaa ukingoni mwa nyanda za juu, upande wa Newala, mahali ambapo ukisimama unaiona nchi yote ya chini hadi kwenye vilima vya mawe vya Masasi. Mkuu wa kambi alikuwa Bwana Rehfeld, mpima ardhi. Mwanaheri alikuwa mpishi wake.

Mpishi, ndiyo. Jamaa waliokuwa wanapigana na Wadachi walimjua kwa kazi nyingine. Walisema hakuna masikio makali kama yake kutoka Masasi hadi Newala. Miaka mitano alipiga pasi katika nyumba ya Mdachi huko Lindi, na lugha yao ikamwingia kidogo kidogo pamoja na mvuke. Hakuna aliyemuuliza kama anaijua. Naye hakusema.

Rehfeld alikuwa na vitu vitatu alivyovipenda: darubini ya Zeiss, bastola ya Mauser, na daftari jeusi la ngozi.

Daftari ndilo lililokuwa hatari.

"Mimi kuona dunia yote, Mpishi," alimwambia siku ya kwanza, akipekua kurasa. "Namba tatu, pango la barafu, jua haliingii. Namba kumi na tisa, ziwa jekundu, ndege wakitua wanakuwa mawe. Namba thelathini, mji wote umechongwa ndani ya mwamba. Mahali pa ajabu arobaini! Sasa nataka arobaini na moja."

"Iko wapi, Bwana?"

"Hapa. Shimo kubwa, miti ndani, hakuna ramani inayo. Watu wanasema. Nitaliona."

Mwanaheri alimmiminia uji.

Alilijua Shimo. Nani aliyezaliwa pande hizi asiyelijua? Unapita vichaka vizito mpaka miiba ikuchanie nguo, halafu ghafla ardhi inakwisha. Chini yako kuna miti mirefu, na vilele vyake havikufikii miguuni. Ukipiga kelele kule ndani, aliye juu hasikii kitu. Hata wavamizi wa zamani walipita hatua hamsini kando yake wakaenda zao na njaa yao. Mimi nasema wazi: kama kuna mahali pa kujivunia duniani, ni Shimo lile, na halihitaji kupewa namba na Mzungu.

Tena sasa halikuwa tupu. Ndani yake walikuwa wamejificha watu mia tano kutoka Masasi na vijiji vya jirani, pamoja na mtama uliookolewa. Wanawake, wazee, watoto.

Mmoja wa watoto hao aliitwa Zena. Alikuwa na miaka sita, na alikuwa wa Mwanaheri.

Alasiri ile jua lilikuwa kali. Rehfeld alimwita Ombasha Sadallah, askari wa kioo cha ishara, kile kinachotuma maneno kwa mwanga wa jua. Kioo kikageuzwa kuelekea Masasi. Rehfeld akasoma Kidachi kwa sauti, herufi kwa herufi. Hatua kumi nyuma yao, Mwanaheri alikuwa ananyonyoa kuku.

"Masasi. Mnaniona?"

Mwanga ukametameta mbali kilimani, Sadallah akausoma kwa sauti. "Tunakuona."

"Kijiji kina nyumba kumi na mbili. Mitungi ya maji inayopanda kila asubuhi ni arobaini. Kuna watu wamefichwa."

"Wapi?"

"Kesho nitajua. Andaeni kikosi."

"Askari sitini na bombomu moja ya Maksim. Tunasubiri neno lako."

Mwanaheri aling'oa manyoya ya bawa zima kwa mkupuo mmoja.

Juu ya nyanda zile hakuna maji. Watu wameishi hivyo miaka na miaka, kwa kusudi, kwa sababu adui hutafuta watu penye mto. Wanawake huteremka ukingo alfajiri, huteka bondeni, hupanda na mitungi kichwani. Lakini Mdachi huyu, laana juu ya akili zake, hakutafuta mto. Alihesabu mitungi.

"Angalia," alimwambia Ombasha kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Jani juu, maji ndani. Jani hakuna, maji hakuna. Kesho mimi kukaa pale juu ya dungu, penye njia panda. Majani yakienda kushoto, watu wako kushoto. Yakienda kulia, watu wako kulia."

Loo! Hata hilo alikuwa ameliona. Kila mwanamke wa huku akishajaza mtungi huweka tawi la majani juu ya maji yasimwagike njiani. Mama alimfundisha, naye atamfundisha binti yake. Nani angefikiri kwamba tawi lile linaongea?

Shimo lilikuwa kushoto.

Mwanaheri akaosha mikono. Akaanika kaniki moja tu kwenye kamba, ishara ya kumwita mjumbe.

Haukupita muda, muuza chumvi akaingia kambini na tenga lake. Fikirini, mtu mwembamba, mwenye hasira za karibu, ndiye aliyebeba amri na habari kati ya Masasi na Newala.

"Hujambo, Mama Zena."

"Sijambo, kaka. Chumvi gani hii, imejaa mchanga!" Mwanaheri alipaza sauti askari wasikie, kisha akainama kwenye tenga. "Kesho anahesabu majani njia panda. Kikosi kinasubiri."

"Nina jambia," Fikirini akanong'ona. "Niachie dakika moja tu."

"Ameshawaambia kesho. Wasiposikia neno lake watakuja wenyewe na kuchoma kila kichaka. Na amri imesema usiue. Onja hii, onja mwenyewe! Michanga mitupu!"

"Basi kesho wasiteke."

Mwanaheri alimtazama hadi Fikirini akashusha macho.

"Jua hili? Jana Zena amekunywa kikombe kimoja. Kimoja, kaka. Nikiwanyima maji siku moja, wewe utakwenda kuzika watoto?"

"Sasa unataka nini?"

"Udongo mwekundu. Na Bibi Bibiana awaongoze wanawake."

Alimweleza kwa maneno machache. Wanawake kumi na wanane watapita kulia, kuelekea korongo la upande wa Makote, na mitungi mitupu yenye majani. Ishirini na wawili watapita kushoto na mitungi iliyojaa hadi shingoni, bila hata jani moja. Hiyo ya kushoto ipakwe udongo mwekundu nje, ionekane mibichi, inakwenda kuchomwa.

"Maji yakimwagika, udongo utachirizika," Fikirini alisema. "Atauona weusi wa mtungi kwa darubini yake."

"Ndiyo maana yasimwagike."

"Bila majani? Kwa mlima ule?"

"Waambie wacheke. Wageuze shingo. Wawasengenye wakwe zao. Mwenye mtungi mtupu hatembei kama amebeba yai. Na wale wa kulia, hao ndio wabebe mayai." Akainua sauti tena. "Haya, nipe kibaba kimoja, na mara nyingine usiniletee uchafu!"

Jioni, akiandaa meza, alimwambia Rehfeld kwa upole: "Kesho ni siku ya kuchoma mitungi, Bwana. Huko kushoto. Ukiona moshi usishtuke."

"Ah! Wafinyanzi?" Rehfeld akafungua daftari, akaandika.

Asubuhi.

Dungu la kulindia mtama lilikuwa hatua thelathini kutoka njia panda. Rehfeld juu yake, Zeiss machoni. Ombasha Sadallah pembeni na bunduki. Mwanaheri akapanda na birika la kahawa, akakaa.

Wa kwanza akatokea. Mtungi mwekundu, hauna jani. Anacheka. Akapinda kushoto.

Wa pili. Wa tatu. Wa nne anageuka nyuma kumtania wa tano, kichwa kimegeuka kabisa, na mtungi umetulia kama umeota palepale. Mwanaheri alijua uzito ule. Alijua shingo inavyowaka. Aliwapenda wanawake wale siku ile kiasi cha kutaka kulia, lakini akamimina kahawa.

"Wafinyanzi," Rehfeld akanung'unika. "Kumi. Kumi na moja."

Wa kumi na nne alikuwa Bibi Bibiana.

Mwanaheri akaegemea mbele.

Juu ya mtungi wa Bibi Bibiana kulikuwa na majani.

Miaka hamsini ya kupanda mlima ule! Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe bondeni, ukachuma tawi, ukaliweka, na mwenye mkono hakujua.

Zeiss ikasimama.

"Yule," Rehfeld alisema polepole. "Jani. Ombasha, msimamishe. Nataka kuona ndani."

Sadallah akaanza kushuka.

Kama angeruka kumzuia, kwisha. Kama angenyamaza, kwisha. Mwanaheri akaweka birika chini, akaachia kicheko.

"Ee Bwana! Ukimsimamisha, nitakupikia kwa mate?"

"Nini?"

"Mfinyanzi hasimamishwi akiwa na mtungi mbichi kichwani. Akisimamishwa, mitungi yote ya siku ile inapasuka motoni. Huyo ndiye mkubwa wao. Majani yale ni ya kupaka mitungi ikitoka motoni, yanachemshwa, yanaziba vitobo. Msimamishe uone, Bwana. Kuanzia leo hakuna mwanamke atakayekuletea tone la maji hapa kambini."

Ni uongo mtupu, wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa anautunga mdomoni.

Rehfeld alimtazama. Kisha macho yakaanza kung'aa, macho ya mtu aliyepita dunia nzima akiokota vya watu na kuvipa namba.

"Hasimamishwi," alirudia. "Kwa sababu ya moto. Ajabu! Ombasha, rudi!" Akapapasa kutafuta kalamu.

Mwanaheri akasimama, akapunga mkono. "Shikamoo, Bibi Bibiana!"

Bikizee akageuza shingo, yote, taratibu, mpaka kidevu kikagusa bega. Hapo ndipo jani lilipomwangukia puani. Akaelewa. Mwanaheri alimwona alivyoelewa.

"Marahaba, mwanangu!" alijibu. "Mzungu wako hajambo?"

"Hajambo! Anakusalimia!"

"Mwambie anywe uji, amekonda!"

Akapita. Tone moja lilimtiririka shingoni, akalifuta kama jasho. Rehfeld alikuwa anaandika.

Alipoinua kichwa, safu ya kulia ilikuwa imetokea. Wanawake kumi na wanane, shingo zimekakamaa, hatua fupi, kimya kabisa, na majani mabichi yanatikisika juu ya mitungi.

"Kulia!" Rehfeld alipiga goti lake kofi. "Kulia!"

Saa nne kioo kikametameta.

"Mahali pamejulikana. Korongo la kulia. Mitungi kumi na minane."

"Tumepokea. Siku tatu."

Kikosi kilifika siku ya tatu, saa tatu asubuhi. Askari sitini, Maksim imebebwa na wapagazi wanne, mbele yao luteni mwenye masharubu na malengelenge ya miguu. Wakazingira korongo. Wakateremka kwa matumbo.

Hapakuwa na mtu.

Palikuwa na mitungi kumi na minane, imepangwa mstari mmoja. Mitupu. Juu ya kila mmoja, tawi la majani limekauka. Luteni aliupiga teke wa kwanza, na mjusi akatoka mbio.

Huko kambini Mwanaheri alisikia yote, maana luteni hakunong'ona. Alichana ramani mbele ya askari. Akamwita Sadallah, akaamuru neno moja lipelekwe Masasi.

"Rehfeld anarudi Lindi. Ramani zake zisitumike tena."

"Tumepokea."

Wapagazi wakafunga masanduku. Zeiss ndani. Mauser ndani. Rehfeld akasimama juani na daftari lake mkononi, kama mgeni aliyesahauliwa sherehe ikiisha.

Mwanaheri akavua kitambaa cha upishi, akakitundika kwenye kigingi. Akasokota ngata. Akajitwika mtungi mkubwa wa kambi, maji ya Wadachi wenyewe, umejaa, bila jani. Akampita Rehfeld hatua mbili.

"Unakwenda wapi, Mpishi?"

"Kuteka maji, Bwana."

Akageuza shingo, yote. Halikumwagika hata tone. Kisha, kwa Kidachi safi cha Lindi, akasema: "Safari njema, Bwana Rehfeld. Namba arobaini na moja iache wazi."

Mzungu akamkimbilia luteni.

"Mpishi! Mpishi anajua Kidachi!"

"Hata mimi nakijua," luteni akajibu bila kugeuka. "Tembea."

Mwanaheri hakuharakisha. Alifika njia panda, akapinda kushoto, akaingia vichakani. Alipofika mahali ardhi inapokwisha, aliteremka kwa kushika mizizi, mkono mmoja juu ya mtungi.

Zena alimwona kwanza. Alikuja mbio, midomo imepasuka kwa ukavu, akasimama kuuangalia mtungi ukishushwa. Akatumbukiza kikombe. Akanywa. Akatumbukiza tena, akanywa, hadi kifua kikalowa.

Akachungulia ndani.

"Mama, majani yako wapi?"

"Nimewaachia wageni," Mwanaheri alisema, akakaa chini, akanyoosha shingo yake.