Namba Thelathini na Tisa

Jumamosi ile duka lilikuwa limefurika. Ilikuwa wiki ya punguzo la bei, na watu ambao hata ngazi za ghorofa ya tatu huwatoa jasho walikuwa wanagombania mabegi ya kupandia mlima. Katikati ya vurugu hiyo alikuwepo kijana mmoja mtanashati, shati jeupe lililonyooshwa likanyooka, utepe wa kupimia shingoni, amepiga magoti mbele ya miguu ya watu. Wenzake walimwita Daktari wa Miguu. Duka lilikuwa la mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, na kazi ya kuchagulia watu viatu aliijua kuliko alivyojijua mwenyewe.

Mlango ukasukumwa, akaingia dada aliyevaa ovaroli ya rangi ya chungwa, kitambaa cha njano kichwani, viganja vimechubuliwa na kamba, ananukia sabuni ya vioo. Kazi yake ilikuwa kuosha madirisha ya maghorofa akiwa amening'inia nje, na kazini walikuwa wamembatiza jina la Mjusi. Alikuwa na nusu saa tu ya mapumziko. Katika kupenya watu akamkanyaga Daktari mguu.

"Samahani, kaka."

"Usijali, dada. Ninao mwingine."

Mjusi akacheka, na kicheko kile kikammaliza Daktari palepale, magoti yakiwa bado sakafuni.

"Nataka kiatu kimoja kinachofanya kazi mbili," Mjusi alisema. "Nitembee nacho nusu siku na mzigo mgongoni, nikifika kwenye mwamba nipande nacho hichohicho. Na kiwe chepesi. Buti zangu za kazini ni kama kufungiwa matofali."

"Unakwenda kwenye majaribio ya waongozaji wa mlimani."

"Umejuaje?"

"Wote huja na maneno hayohayo. Ila wengine huwa hawajapendeza hivi."

"Kaka, pima mguu. Uso hakuna aliyekuomba uupime."

Daktari akapima. Arobaini kamili. Akaandika kwenye kadi ya mteja, pamoja na lile jina la Mjusi alilojitajia, kama ilivyokuwa desturi ya duka, kisha akaleta jozi tatu. Ya kwanza akaitupilia mbali: nzito, inafaa kwa njia tu. Ya pili nyepesi kama soksi, lakini soli yake laini mno, mawe yangemchoma. Ya tatu akaikunja mbele ya macho yake. "Ona. Huku nyuma soli ina meno, kwa ajili ya njia. Hapa mbele haina, mpira mtupu unaonata, unauweka kwenye ufa wa mwamba na unakaa. Kamba zinaanzia karibu na vidole, unakaza unavyotaka. Gramu mia tatu na kidogo."

"Hii," Mjusi akasema, macho yanang'aa.

Daktari akaenda stoo. Rafuni kulikuwa na maboksi mawili, la arobaini na la thelathini na tisa. Hapo ndipo wazo la kipumbavu lilipomwingia. Akimpa kiatu kinachomkaa sawasawa, ataondoka nacho na hatamwona tena. Akimpa kinachobana kidogo, atarudi kubadilisha. Akachukua thelathini na tisa. Ile ya arobaini akaiweka chini ya kaunta na kuibandika karatasi yenye tarehe ya siku hiyo: *Ya Mjusi, akirudi.*

"Mbona inanigusa vidole?"

"Kiatu cha mwamba lazima kikushike. Na namba hutofautiana kiwanda na kiwanda, usiziangalie sana. Kivae siku tatu. Kikikusumbua, nitafute."

"Na ule ubao ulioinama ni wa nini?"

Ulikuwa ubao wa mteremko. Sheria ya mama mwenye duka ilikuwa kwamba hakuna kiatu kinachotoka bila mteja kusimama juu yake, maana mguu ukiinama ndipo vidole husema ukweli.

"Ule ni wa wazee," Daktari akasema.

Jumatano Mjusi akarudi, kama ilivyopangwa na mjanja wetu. Safari hii alikuwa na gauni la bluu na nywele zimesukwa upya, na Daktari hakuhitaji kuambiwa zimesukwa kwa ajili ya nani. Mkono wake ulikuwa umeshafika chini ya kaunta.

"Kabla hujaniuzia kingine," Mjusi akasema, "nipeleke kwanza kunywa chai."

Wakanywa chai kwenye mgahawa wa jirani, na laiti chai ile ingemmwagikia mapajani. Ndipo Mjusi alipomweleza habari yote. Majaribio yalikuwa baada ya wiki tano, siku tatu: kutembea na mzigo, kupanda mwamba, kisha kushuka kilomita kumi na nane. Wanaofaulu wanahamia kambini, safari ya siku mbili kutoka mjini. Mwisho wa umri ni miaka thelathini, naye alikuwa anaifikisha mwezi mmoja baada ya hapo.

"Kwa hiyo ni sasa au basi?"

"Ni sasa au nife nikiosha vioo vya watu. Miaka tisa nimening'inia, Daktari. Nawaona watu ndani wanakunywa kahawa, wao hawanioni."

Daktari alirudi kazini akiwa na furaha na maumivu kwa pamoja. Jozi ya arobaini akaisukuma nyuma zaidi, chini ya kaunta, nyuma ya ndoo.

Wakapendana, na wakapendana kwelikweli, hilo nisimnyime. Daktari alimsubiri chini ya maghorofa saa kumi jioni na chupa ya maji baridi. Mjusi alimpigia simu akiwa ghorofa ya kumi na mbili, kamba kiunoni.

"Mpenzi, toka nje ya duka uangalie juu."

"Nakuona. Shika kamba, acha kunipungia!"

"Nimekuandikia jina lako kwa sabuni."

"Futa, bosi wako ataliona!"

"Na alione. Ila viatu bado vinanibana, Daktari wangu."

"Vitalegea, roho yangu. Ngozi haina haraka."

Hakuna lililolegea. Lakini kwenye mwamba wa mazoezi kiatu kilinata vizuri, na nani abishane na mtu anayejua miguu ya mji mzima? Mjusi akamwamini. Akajifunga plasta, akaendelea.

Siku ya pili ya majaribio simu ya Daktari ikalia mchana, dukani.

"Nimekuwa wa tatu kwenye mwamba! Wa tatu kati ya ishirini na sita!"

"Nilijua tu," akasema, na moyo wake ukashuka. Alikuwa ameshaiona kichwani safari ya siku mbili, kitanda kitupu, simu zinazokatika.

"Vidole vinawaka moto, lakini kesho ni kushuka tu. Nifanyeje?"

Kila muuza viatu anajua jibu la swali hilo. Ukishuka unakaza kamba za juu, kifundoni, mguu usiteleze kwenda mbele ukagonga. Daktari alilijua tangu akiwa na miaka kumi. Alikuwa na muda wa kutosha kabisa kuwa mtu mwema.

"Legeza kamba," akasema. "Uvipumzishe vidole."

"Nakupenda."

"Nakupenda zaidi."

Kilomita ya kumi na moja kucha mbili zikang'oka. Ya kumi na tatu Mjusi akaketi kwenye jiwe, hakuweza kuinuka, wakambeba.

Daktari alimpokea na beseni la maji ya vuguvugu na chumvi. Alimwosha kidole kimoja kimoja, akalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Watu kama yeye hawashindwi kulia. Mjusi akamshika kichwa na kumbembeleza, yeye mwenye miguu iliyochanika.

"Usilie, mpenzi. Si kosa lako."

"Tuoane," Daktari akasema. "Ubaki hapa, tuoane."

"Ngoja kwanza niweze kuvaa kiatu, bwana harusi. Siolewi na ndara miguuni."

Wiki moja baadaye, akichechemea na hizo ndara, Mjusi alimpelekea chakula cha mchana dukani. Daktari alikuwa ametumwa kupokea mzigo. Mama mwenye duka akamtazama miguu, akavaa miwani.

"Mwanangu, nani kakuuzia viatu?"

"Mwanao, mama."

"Haiwezekani. Yule nimemfundisha mimi." Akavuta droo, akatoa kadi. Arobaini. "Na ulivaa?"

"Thelathini na tisa. Alisema vitalegea."

"Kwenye kushuka ulikaza kamba?"

"Nililegeza. Yeye ndiye aliniambia nilegeze."

Mama mwenye duka akainama kutafuta kitambaa cha kumfutia yule binti vumbi la miguu, mkono ukagusa boksi nyuma ya ndoo. Akalitoa. Wakaisoma ile karatasi wote wawili, pamoja na tarehe.

Daktari alipoingia na maboksi kifuani, akipiga mluzi, aliwakuta wameketi, boksi la arobaini liko juu ya kaunta.

"Mpenzi, nilitaka urudi tu," akaanza, hata kabla hajaulizwa. "Siku ile ya kwanza. Nilitaka nikuone tena, basi!"

"Hiyo ningeicheka," Mjusi akasema. "Wallahi ningeicheka, ningewasimulia wanangu. Na ile simu?"

Daktari akaanza kupanga maboksi sakafuni.

"Nimekuuliza na ile simu."

"Niliogopa utaondoka."

Mama mdogo akaweka karatasi na kalamu mbele yake. "Kamati ya majaribio humpa mtu siku moja ya kurudia, kama vifaa ndivyo vilivyomwangusha. Wanataka barua ya aliyeuza, imeandikwa kwa mkono wake. Andika."

"Mama, nikiandika hakuna duka litakalonichukua mji huu."

"Hata hili halikuchukui tena. Andika."

Daktari akamgeukia Mjusi. "Nikiandika utaondoka."

"Nitaondoka."

"Na nisipoandika?"

"Nitaondoka pia, ila nitaosha vioo."

Akaandika. Mjusi akaichukua na kuisoma kwa sauti: "'Nilimuuzia kwa bahati mbaya kiatu kidogo.' Kwa bahati mbaya, mpenzi?" Akairudisha. "Futa. Andika makusudi. Halafu andika na la kamba."

Daktari akafuta, akaandika makusudi, akaandika la kamba, akatia sahihi. Mjusi akaikunja mara mbili, akaweka kifuani, akachukua boksi la arobaini chini ya kwapa. Alipofika mlangoni alisimama, na Daktari akadhani atageuka. Alikuwa anasubiri watu wapite.

Miezi miwili ikapita. Daktari alikuwa amekaa kitandani saa sita mchana, siku ya kazi, hana pa kwenda, simu ilipolia. Aliiona namba ya Mjusi, akapokea.

"Nimefaulu," ile sauti ikasema.

"Hongera! Hongera sana, roho yangu. Nilijua! Unaishi wapi huko?"

"Kambini. Wamenipa nyumba ya vyumba viwili."

"Viwili? Peke yako?"

"Nilipojaza fomu, kabla hata ya majaribio, waliuliza kama nina mwenza. Niliandika ndiyo. Nikaandika na kazi yako. Wakanijibu vizuri sana, stoo yao ya vifaa ilikuwa haina mtu anayejua viatu. Nafasi yako walikuwa wameshaiweka. Nilitaka nikuambie nikishafaulu, nione utakavyoruka."

Nje muuza magazeti alikuwa anamtania mtu.

"Sikujua," Daktari akasema. "Mjusi, sikujua."

"Hukuuliza."

"Na hicho chumba kingine? Umekifanyaje?"

"Naanikia kamba," akasema, akakata simu.